Mwaka Nilipomfua Bibi Ndekusara

Tuliokaa kwenye mkeka wa upande wa jiko, siku ya arobaini ya Saidi kule Olasiti, ni hawa: mimi Nasinyari wa Maji ya Chai, Glory, mjukuu wangu, aliyenishika mkono tangu stendi, Mwajuma, mjane wa Saidi, Rehema, mjukuu wao, binti wa mwana wao Jumanne, na Ndeanasia, binti wa Mwalimu Elifuraha, aliyetoka Machame alfajiri kuja kwa Saidi ambaye hakuwa ndugu yake wa damu wala wa dini, ila alimbeba akiwa mchanga. Wanaume walikuwa nje kwenye turubai na shehe. Sisi tulikuwa tumemaliza pilau, tunasubiri chai ya tangawizi, na wasichana wakaanza kubishana habari za kamera. Rehema anauza kwenye duka la dawa, ila Jumamosi hujitwisha kamera yake kubwa yenye mdomo mrefu akapanda upande wa mlimani kupiga ndege. Bibi yake Mwajuma humwambia, wenzako wakipiga ndege wanakula, wewe unarudi na njaa. Glory yeye ana simu tu. Rehema akamwambia, "Wewe na kisimu chako huwezi kupata hata kope za mtu." Glory akajibu, "Kamera si kitu, dada. Kitu ni jicho la anayepiga." Wakanigeukia mimi. "Bibi, sema wewe, kamera ni kitu au si kitu?"

Sikuwahi kujibu, maana Ndeanasia alinitangulia. Alisema, "Muulizeni huyo huyo. Picha ya bibi yangu iliyoko ukutani kwetu aliipiga yeye, kwa kamera ya Saidi iliyoitwa Sufuria. Ile ambayo bibi amenyoosha mkono wa kushoto." Nikamwambia, mwanangu, si wa kushoto, ni wa kulia. Akasema wa kushoto, mama, naiona kila siku nikifagia. Nikasema wa kulia, mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa bado hujatoka hata tumboni. Basi sote tukageuza shingo kumtazama Saidi atuamulie, kama tulivyozoea. Tukakiona kiti chake, na kofia yake juu ya kiti. Mwajuma akainuka kwenda kutazama chai. Ndiyo maana nimemwomba Glory daftari, niuandike mwaka ule kabla haujaondoka na mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na shule niliiacha darasa la nne. Nilikuwa nafanya kazi nyumbani kwa Mwalimu Elifuraha, mjini, mtaa wa Kaloleni, nyumba ya vyumba vitatu na stoo. Mkewe Anande alikuwa amekwenda kujifungua kwao Machame, kwa hiyo nyumba yote ilikuwa mikononi mwangu: sebule yenye viti vinne na vitambaa vya kufuma, chumba cha Mwalimu, chumba nilicholala mimi, na hiyo stoo ambayo sikuruhusiwa kuifagia. Dirisha la stoo lilizibwa kwa gunia na karatasi nyeusi. Ndani kulikuwa na sahani tatu za bati, chupa za dawa zilizonuka kama siki, na taa iliyofungwa kitambaa chekundu. Mwalimu alikuwa mtu wa Kilutheri, mnyoofu, suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukata mkate, na furaha yake duniani ilikuwa moja: kupiga picha. Hakuuza hata moja. Alipiga mlima asubuhi, alipiga mlima jioni, alipiga kanisa, alipiga maua ya kahawa. Kamera yake ilikuwa ya Kijerumani, aliachiwa na mzungu wa shamba la kahawa aliyehama. Ilikaa kwenye mkoba wa ngozi, na mkoba ulikaa juu ya kabati, na mimi niliambiwa kabati nilifute pembeni tu.

Kila Jumamosi kabla ya chakula cha mchana alikuja Saidi. Saidi alikuwa fundi baiskeli, mwenye kibanda pale karibu na soko, kijana mwembamba mwenye vidole vyeusi vya grisi ambavyo alivisugua kwa majivu kabla ya kuingia sebuleni. Naye alikuwa na ugonjwa huohuo wa picha. Ila kamera yake ilikuwa boksi tu, sanduku jeusi lenye tundu mbele na kioo kidogo juu, lilikuwa limepasuka ubavuni akalibandika kiraka cha mpira wa baiskeli. Jua likiwa kali lilipenya pale kwenye kiraka likaacha mstari mweupe katika kila picha. Mwalimu ndiye aliyeliita Sufuria. Saidi naye akaiita ya Mwalimu Bwana Mkubwa. Mimi nikiwa jikoni namenya ndizi za machalari, ule mchuzi wa ndizi na nyama, niliwasikia wakibishana, kila Jumamosi maneno yaleyale, kama watu wanaocheza bao.

"Bwana Mkubwa ameamkaje leo?"

"Ameamka salama. Sufuria limeungua?"

"Halijaungua, Mwalimu, limeiva. Tazama hii. Mama Zuhura muuza vitumbua."

"Huyu mama ana radi kichwani, Saidi."

"Huo mstari ni wa kiraka. Lakini tazama anavyocheka. Wako hawacheki."

"Wangu ni milima."

"Ndiyo, maana watu ukiwanyooshea lile jicho wanageuka milima."

Mwalimu alicheka, lakini hakukubali. Alisema picha ni lenzi, kwamba fundi mzuri hawezi kukata mti kwa kisu cha mezani. Saidi alisema fundi mbaya hukata kidole kwa shoka jipya. Kisha niliwapelekea chakula, wakala kwenye sahani moja, na mchuzi ukawanyamazisha. Nikikaa sasa nawaza kwamba walipendana sana watu wale, na kwamba ubishi ulikuwa njia yao ya kuulizana hali.

Mwaka huohuo, mvua za vuli zikiwa zimeanza, akaletwa mama yake Mwalimu, Bibi Ndekusara, kutoka Machame, kwa ajili ya hospitali. Alikuwa mrefu, amekonda, anatembea na mkongojo. Nilimpa kitanda changu, mimi nikalala chini kwenye mkeka. Daktari alimwambia Mwalimu pembeni, na mimi nilikuwa napita na ndoo nikasikia: asikae sana mjini, arudi kwake apumzike, hakuna la kufanya tena. Mwalimu aliitikia "ndiyo, daktari" mara tatu. Alipotoka pale akasahau kofia. Jioni ile aliniambia jambo ambalo hakuwa na sababu ya kumwambia mtumishi. Alisema, "Nasinyari, baba yangu alikufa bila picha. Sura yake imenitoka. Nakumbuka koti, nakumbuka kikohozi, sura hapana. Kwa mama halitatokea hilo."

Bibi na mimi tulishibana. Nilimkanda miguu kwa mafuta, nilimpondea ndizi zikawa laini kwa sababu ya meno. Na kila asubuhi nilimwamkia kama tunavyoamkia kwetu Maji ya Chai: mtoto hainui uso kwa mkubwa, huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Kwao Machame hawakufanya hivyo. Siku ya kwanza aliniuliza, "Umepoteza nini chini?" Nikamweleza, akacheka, akanigusa. Baada ya hapo ikawa nikichelewa kuinama ananidai: "Lete kichwa." Hata nikiwa na sufuria ya uji mikononi, "Lete kichwa kwanza."

Ijumaa, Bibi akiwa amebakiza wiki moja kuondoka, Mwalimu alimkalisha uani kwenye kigoda, akatundika kanga ukutani nyuma yake, akamtoa Bwana Mkubwa kwenye ngozi. Jamani, niliona mtu akibadilika. Bibi aliyekuwa anacheka na kuku sasa hivi alikazana kama anasomewa hukumu. Mwalimu alisema, "Mama, tabasamu kidogo." Bibi akasema, "Mwanangu, jicho hilo linanitazama kama mashine ya hospitali. Hata wewe sikuoni, umejificha nyuma yake." Mwalimu alipiga, akasogea, akapiga, mpaka filamu ikaisha. Ilikuwa ya mwisho. Filamu za kamera ile hazikupatikana mjini wakati ule, mpaka mtu azilete kutoka Nairobi. Jumatatu asubuhi akaitoa, akaiweka juu ya meza kwenye kikopo chake, na akiwa anavaa viatu akaniambia: "Saidi akipita, mwambie filamu ya mama iko mezani, isafishwe leo."

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Saidi hakupita asubuhi. Hakupita na mchana. Na mimi neno lililobaki masikioni mwangu ni moja: isafishwe leo. Katika nyumba ile kila cha kusafishwa kilikuwa changu. Nilisafisha taa, nilisafisha viatu, nilisafisha mbao za meza kwa mchanga. Nikawaza, Saidi na vidole vyake vya grisi ndiye asafishe picha ya Bibi? Nikakichukua kikopo, nikavuta kile kiulimi kilichochomoza, ukatoka mkanda mrefu kama utumbo wa mbuzi, wa rangi ya udongo, na kweli kabisa niliuona mchafu. Nikachota maji kwenye karai. Nikakata sabuni ya mche. Nikasugua taratibu, pande zote mbili, kwa upendo, nakwambia kwa upendo, nikiimba. Nikausuuza mara mbili. Nikauanika kwenye kamba, juani, katikati ya mashati ya Mwalimu, nikaubana kwa vibanio vinne usipeperuke.

Saidi aliingia saa tisa. Alisimama chini ya kamba akatazama juu muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti. Nami nikacheka kwa kumwona yeye. Halafu akakatisha ghafla. "Nasinyari. Filamu hii ilikuwa na nani ndani?"

"Bibi."

"Umemfua mama wa watu," akasema. Akakaa chini kwenye jiwe la kufulia. "Umemfua na sabuni."

Akanieleza. Kwamba kusafisha picha ni neno tu la mafundi, ni dawa na giza, na kwamba mwanga ukiiona filamu mara moja tu, kila kilichomo kinakufa. Akasema, "Nitamwambia ni mimi niliyeifungua kwa bahati mbaya. Mimi ameshazoea kunitukana." Nikakataa. Sikukataa kwa ushujaa. Nilikataa kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshaingia langoni na baiskeli yake, na mkanda ulikuwa unang'aa pale kwenye kamba kati ya shati la bluu na shati jeupe. Aliuona. Akaegemeza baiskeli. Akaja akaushika, akaupeleka puani.

"Sabuni," akasema.

"Ni mimi, Mwalimu. Ulisema isafishwe."

Hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema polepole, "Ndiyo. Nilisema isafishwe." Akaingia ndani. Machalari yangu yalipoa mezani, na Bibi aliuliza mara mbili mwanangu ana nini, nikasema amechoka na shule. Nilifunga nguo zangu kwenye kanga nikijua nitarudishwa Maji ya Chai. Lakini nguo zile zilikaa kwenye kile kifurushi siku tatu na hakuna aliyeniambia ondoka.

Siku ya nne Saidi alikuja, akamwambia Mwalimu: kwenye Sufuria zimebaki picha tatu. Mwalimu akatikisa kichwa. "Mama yangu mwenye radi kichwani? Picha moja ya maisha yake yote, na iwe ile?" Saidi hakutania siku hiyo. Akasema, "Bwana Mkubwa ana njaa, Mwalimu. Sufuria lina chakula." Niliwasikia kutoka jikoni, na kilichonisumbua ni kwamba wote wawili walikuwa na haki.

Siku ya kuondoka ilikuwa Ijumaa tena. Basi la Machame lilikuwa la saa nne. Saidi alikuja saa moja na nusu, akanivuta nyuma ya choo, akanitia lile boksi mikononi. Nikamwuliza kwa nini asipige yeye. Akasema, "Mimi Bibi hanizoei. Na wewe ndiye uliyemfua, wewe ndiye umrudishe." Akanifundisha: unalishika tumboni, hutazami mbele, unatazama chini kwenye kioo, unamtafuta mtu mle ndani, unabana pumzi, unashusha kiulimi. Picha ya kwanza nilipiga kuku. Ya pili sijui nilipiga nini, nadhani kidole changu. Ikabaki moja.

Bibi alikuwa ameketi kigodani uani, amevaa gauni la safari na kilemba cheusi, anamsubiri Mwalimu aliyekuwa ndani akitafuta koti. Nikaja mbele yake na boksi tumboni. Nikasimama hatua mbili. Nikainamisha kichwa nimtafute kwenye kioo, na pale kwenye kioo nilimwona mdogo, amegeuka kwangu. Sikuwa nimesema lolote. Yeye hakuona kamera. Aliona msichana ameinama. Uso wake ukafunguka wote, akasema, "Eeh, leo umekumbuka bila kudaiwa," akaegemea mbele, akanyoosha mkono. Niliuona mkono unakua ndani ya kioo, unakuja, unakuja. Nikashusha kiulimi. Kisha ukanigusa utosini, nao ulikuwa wa baridi, na nikakaa vilevile nimeinama kwa sababu nilikuwa nalia juu ya kamera ya watu.

Waliisafisha Jumapili baada ya kanisa, na safari hii niliitwa stooni, mara ya kwanza. Filamu waliitia dawa wao wenyewe gizani. Mimi niliingia wakati wa karatasi, chini ya ile taa nyekundu. Tulisimama watatu tumebanana, Mwalimu ananuka sabuni ya kuogea, Saidi ananuka mpira. Karatasi ya ukubwa wa kiganja ikaelea kwenye bati. Kwanza ukatokea mkono, mkubwa, umefifia kingo. Mwalimu akashusha pumzi. "Imeharibika. Ni mkono tu." Saidi akasema, "Ngoja." Na nyuma ya mkono, taratibu, kati ya vidole na kilemba, akaja Bibi Ndekusara. Meno yake matatu yaliyobaki yote yanaonekana. Mstari mweupe wa kiraka umepita pembeni, haukumgusa. Kisha Mwalimu akauliza, bila kunitazama, "Alikuwa anafanya nini na mkono?"

"Alikuwa anaipokea shikamoo yangu."

Akaguna. Akasema, "Mimi nilimpiga picha filamu nzima, sikumwamkia hata mara moja." Aliichukua ile karatasi kwa ncha, akaitia kwenye maji, na mikono yake ilitetemeka. Masika hayakufika, Bibi akafariki. Mwalimu alikwenda na ile picha Machame mfukoni mwa shati, na kutoka siku ile haikurudi mjini.

Baadaye alimtaka Saidi wabadilishane: chukua Bwana Mkubwa na mkoba wake wa ngozi, nipe Sufuria. Saidi akasema, "Nikikupa sufuria langu, Mwalimu, mimi nitapikia nini?" Wakacheka, wakaendelea na ubishi wao kila Jumamosi, na hata nilipoolewa nikaondoka nilisikia kwamba bado hawajaumaliza. Wamekufa wote wawili bila kuumaliza.

Hivyo ndivyo nilivyowajibu wasichana pale mkekani. Glory alidhani nitasema kamera si kitu. Nikamwambia, hapana, kamera ni kitu. Ile ya Mwalimu ilikuwa nzuri zaidi, na milima yake mpaka leo ukiitazama unasikia baridi. Ila ilimtaka ainue uso na kuuficha. Ya Saidi ilinilazimisha niiname. Ningekuwa na Bwana Mkubwa siku ile ningepata kope zote za Bibi, na Bibi mwenyewe ningemkosa. Rehema alikaa akiifikiria ile kamera yake kubwa mapajani. Halafu akasema neno ambalo limeninyima raha mpaka leo. "Bibi Nasinyari, vile vioo vya kamera za boksi vilikuwa vinageuza. Kulia kunaonekana kushoto, kushoto kunaonekana kulia. Kama wewe ulimwona ndani ya kioo tu, basi Mama Ndeanasia ndiye mwenye haki."

Ndeanasia hakunicheka. Alinishika goti, akasema labda baba aliilaza filamu upande wa nyuma alipoitoa kwenye karatasi, labda picha ndiyo iliyogeuka. Inawezekana. Stoo ilikuwa na giza, na Mwalimu alikuwa anatetemeka. Lakini nami nimejiuliza, mkongojo ulikuwa mkono gani? Kama alikuwa ameushika kwa wa kulia, basi alinibariki kwa kushoto, na yule mama hakuwahi kumpa mtu hata chumvi kwa kushoto. Labda haraka ile, kuona nimeinama, ilimfanya asahau adabu yake. Nikiwaza hivyo naupenda zaidi.

Majina niliyoyaandika nayajua yote, na watu niliowakalisha mkekani walikaa hivyo. Aliyekosea pengine ni mimi kwenye huo mkono tu. Wewe uliye na picha yoyote ya Bibi Ndekusara, au uliyemwona akiwa hai na mkongojo wake, njoo Maji ya Chai uniambie aliushika kwa mkono upi. Ukinikuta nimelala, niamshe. Na usinyooshe kidole kunionyesha. Lete kichwa, kisha useme.